Mstari wa Futi 5,000

Ukitoka huku Mautuma ushuke Kakamega mjini, halafu Mumias, halafu Busia, joto linaongezeka na mbu nao wanaongezeka. Hilo kila mtu analijua. Shangazi akienda kukaa Busia tunamwambia abebe neti. Ila mtu aliyegundua kwamba kuna saratani ya watoto inayofuata mteremko wa aina hiyo alikuwa daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala. Jina lake Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, mwenye jicho moja tangu utotoni. Mtaalamu wa saratani hakuwa.

Mwaka wa 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita aangalie mtoto aliyevimba taya, kushoto na kulia, juu na chini. Burkitt hakuelewa anachokiona. Baadaye kidogo, akiwa hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani na kuona mtoto mwingine mwenye uso kama ule ule. Alipompima, akakuta na tumbo lina uvimbe. Akarudi Mulago kufukua rekodi. Makala yake ya 1958 haikushtua watu wengi.

Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha mimi, niliyetoka chuo bila karatasi. Badala ya kuuliza ugonjwa huu ni nini, aliuliza uko wapi na hauko wapi. Alitawanya vikaratasi vyenye picha kwa hospitali za Afrika, nyingi zikiwa za misheni: je, mnawaona watoto kama hawa? Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia kwenye gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Wakaendesha wiki kumi, maili 10,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama hospitali zaidi ya 50 kuuliza swali lile lile.

Majibu yakachora ramani. Karibu na ikweta, ukipita futi 5,000 kwenda juu, uvimbe unapotea. Kakamega mjini pamekalia mstari huo karibu kabisa. Mautuma tuko juu yake. Burkitt akadhani kuna virusi vinavyobebwa na wadudu. Hapo alikosea nusu. Virusi vilikuwepo kweli: Anthony Epstein, aliyemsikiliza akihutubia London mwaka wa 1961, aliomba vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala, na 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakaviona kwa darubini ya elektroni. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Lakini vinaenea kwa mate, na viko dunia nzima. Mbu alikuwa anabeba kitu kingine. Gilbert Dalldorf, aliyetafiti Kenya, ndiye aliyeelekeza kidole kwa malaria.

Sasa ugonjwa unaitwa limfoma ya Burkitt. Sina ugomvi na jina, ingawa wale wauguzi wa misheni waliojibu maswali yake hawamo ndani yake. Burkitt mwenyewe aliondoka Uganda katikati ya miaka ya 60, na Uingereza wengi wanamkumbuka kwa kuhubiri vyakula vyenye nyuzinyuzi. Kazi ya kutibu ilibaki Kampala. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa 1967 chini ya Mmarekani John Ziegler, na ikaonyesha kwamba dawa peke yake zinaweza kuponya uvimbe huu. Ziegler alipoondoka enzi za Amin, Charles Olweny, Mganda, akashika usukani, akaendelea kutibu na kuchapisha utafiti wakati wengi walikuwa wanatoroka. Mtu huyo anastahili kitabu kizima.

Mstari wenyewe si ukuta. Watoto wetu wanaenda likizo kwa nyanya zao huko chini, na malaria hata huku inapanda. Uvimbe huu unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Mara nyingi unaanza na jino kulegea, mzazi anampeleka mtoto likang'olewe, linang'olewa, wanarudi nyumbani, wiki inapita. Wakati huo dawa zingekuwa zimeshaanza kazi. Picha ya taya ambayo Burkitt aliwatumia madaktari ingebandikwa pia kwenye vyumba vya kung'olea meno, Lumakanda, Turbo, Mumias, pale mzazi anapokaa kwenye benchi akingoja.