Majarida ya Michezo ya Video na Fedha za Matangazo
Mwaka 1981 yalizaliwa majarida mawili ya mwanzo ya michezo ya video: Electronic Games nchini Marekani na Computer and Video Games nchini Uingereza. Kasoro ilikuwamo tangu mwanzo, kwani kampuni zilizohakikiwa ndizo zilizolipia matangazo. Mwaka 1988 Nintendo ilianzisha jarida lake yenyewe, Nintendo Power, lililochanganya mbinu za kucheza na sifa za bidhaa zake. Kwa kweli lilikuwa duka lenye kurasa. Kinyume chake, Amiga Power la Uingereza (1991–1996) lilishikilia kwamba mchezo wa wastani unastahili asilimia 50, msimamo uliowaudhi wachapishaji wa michezo.

Kisa kinachotajwa zaidi cha shinikizo la matangazo ni cha Novemba 2007, safari hii kwenye tovuti. Jeff Gerstmann, mhariri wa tovuti ya GameSpot, alifukuzwa kazi muda mfupi baada ya kuupa alama 6 kati ya 10 mchezo wa Kane & Lynch: Dead Men, ambao matangazo yake yalikuwa yametanda kwenye tovuti hiyo hiyo. Uongozi ulikana uhusiano wowote. Mwaka 2012, alipoondolewa sharti la kutunza siri kuhusu kufukuzwa kwake, Gerstmann alieleza kwamba wakubwa wake walilegea mbele ya wachapishaji waliotishia kuondoa matangazo.