Mwamuzi wa Muungano: Mahakama Maalum ya Katiba na Migogoro ya Bara na Zanzibar

Ibara za 125 hadi 128 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 zinaunda mahakama ambayo haijawahi kuketi hata mara moja kusikiliza shauri. Ni Mahakama Maalum ya Katiba, na kazi yake ni moja tu: kuamua pale Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zinapobishana juu ya tafsiri ya Katiba au utekelezaji wake. Mtu anaweza kuuona ukimya huo kuwa dalili ya heri, akasema kwamba ndugu wanaoelewana hawana haja ya kwenda kwa hakimu. Historia inasema vingine. Migogoro ilikuwapo, tena mizito, na mingi ilipata wa kuiamua, ila aliyeiamua hakuwa mahakama hii. Mahakama Maalum haikunyamaza kwa kukosa kazi. Iliundwa kwa namna ambayo haiwezi kuamua neno lolote ambalo pande mbili hazijakubaliana tayari, na pengo hilo likazibwa na chama tawala.

Chanzo cha mabishano ni mgawanyo wa madaraka wenyewe. Hati za Muungano, zilizotiwa saini na Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Abeid Karume tarehe 22 Aprili 1964, zilitaja mambo 11 ya Muungano, yakiwemo ulinzi, mambo ya nje, polisi, uraia na uhamiaji. Yaliyobaki kwa upande wa Zanzibar yalikuwa ya Zanzibar. Baadaye orodha ilirefuka: mambo ya sarafu na benki, mafuta na gesi asilia, elimu ya juu, Mahakama ya Rufani iliyoanzishwa 1979, na mwishowe uandikishaji wa vyama vya siasa mwaka 1992, hadi Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ikahesabu mambo 22. Visiwani wengi waliona kila nyongeza kama kipande cha mamlaka kilichomegwa. Bara wengi walijibu kwamba kila nyongeza ilipita kwenye vikao ambavyo Wazanzibari walikuwamo. Hilo ni swali la kisheria hasa: nani mwenye uwezo wa kurefusha orodha, na kwa ridhaa ya nani? Swali la aina hiyo ndilo Katiba ya 1977 ililiwekea mahakama.

Tuitazame basi mahakama hiyo kwa karibu. Nusu ya wajumbe huteuliwa na Serikali ya Muungano, nusu nyingine na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Haina majengo wala majaji wa kudumu, na hukutana pale tu panapotokea mgogoro wa kusikilizwa. Ili uamuzi upatikane, lazima theluthi mbili ya wajumbe walioteuliwa kutoka Bara na theluthi mbili ya walioteuliwa kutoka Zanzibar wakubaliane. Tuseme kila upande umeleta wajumbe sita: zinahitajika kura nne za kila upande. Wajumbe tisa kati ya kumi na wawili wanaweza kuwa na rai moja, na bado watatu wa upande mmoja wakazuia hukumu isitoke. Zaidi ya hapo, wajumbe hawa huteuliwa na wadaawa wenyewe, baada ya ugomvi kuzuka. Na wakati Katiba inaiwekea mahakama hii masharti mazito kiasi hicho, ibara ya 117 inaizuia Mahakama ya Rufani kugusa mgogoro wa aina hiyo. Mlango mmoja umefungwa, na ule uliobaki unahitaji funguo mbili zilizo mikononi mwa wagombanao.

Mara moja tu mlango huo ulikaribia kubishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Katiba ikijadiliwa upya, Aboud Jumbe, aliyekuwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, alifikia rai kwamba mfumo wa serikali mbili haukulingana na Hati za 1964. Kwa msaada wa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Bashir Swanzy, yaliandaliwa maandishi ya kulipeleka suala hilo mbele ya Mahakama Maalum. Maandishi hayo hayakufika huko. Januari 1984 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama Cha Mapinduzi (CCM), chama pekee wakati huo, ilikutana Dodoma, Jumbe akahojiwa na wenzake, na kikao kilipokwisha alikuwa amejiuzulu nyadhifa zake zote, umakamu mwenyekiti wa chama ukiwemo. Iwe madai yake yalikuwa sahihi au la, hayakupata kupimwa kwa hoja za sheria. Kutaka kwenda mahakamani kulihesabiwa kuwa utovu wa nidhamu, ilhali Katiba ndiyo iliyoitaja mahakama hiyo.

Miaka tisa baadaye hali ilijirudia. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Je, nchi iliyokabidhi mambo ya nje kwa Muungano inaweza kujiunga na jumuiya ya kimataifa kwa jina lake? Swali lililo wazi zaidi kwa mahakama ya katiba ni vigumu kulipata. Hata hivyo lilichunguzwa na kamati ya Bunge, likajadiliwa kwenye vikao vya chama, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Haikutolewa hukumu ya kueleza mpaka uko wapi, hivyo kidonda kikabaki wazi: wabunge 55 wa Bara wakadai Serikali ya Tanganyika, Bunge likapitisha azimio la kuiunda, na mwaka uliofuata, baada ya Mwalimu kuingilia kati kwa nguvu, azimio likaachwa. Ndani ya muda mfupi muundo wa dola uliyumba huku na huku bila jaji hata mmoja kuulizwa.

Pale mahakama ilipozungumza, ilizungumza kwa njia ya pembeni. Wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF walishtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi, na Novemba 2000 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, nayo Zanzibar si dola ya namna hiyo tangu Muungano. Washtakiwa waliachiwa huru. Kwa upande wa haki zao lilikuwa jambo jema, lakini swali kubwa kuliko yote ya Muungano liliamuliwa ndani ya kesi ya jinai, huku Serikali ya Muungano ikiwa si mdaawa. Mwaka 2010 Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar yakatamka kwamba Zanzibar ni nchi, na ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Ibara ya kwanza ya Katiba ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja. Katiba hizi mbili zinaishi pamoja hadi leo bila chombo kilichozipatanisha.

Ipo hoja nzito ya kuutetea muundo wa sasa. Sensa ya 2022 ilihesabu Wazanzibari wapatao milioni 1.9 kati ya watu milioni 61.7. Mshirika mdogo hivyo, wanasema watetezi, atamezwa na mahakama inayoamua kwa wingi wa kura. Hofu hiyo ina haki yake, ila dawa imewekwa mahali pasipo pake. Ujerumani, majaji wa Mahakama ya Katiba huchaguliwa nusu na Bunge la Shirikisho na nusu na baraza linalowakilisha majimbo, kwa theluthi mbili ya kura. Usawa na maridhiano hupatikana wakati wa kuwachagua, kabla ya ugomvi wowote. Wakishaingia kazini hawahesabiwi kuwa wa upande huu au ule, na huamua kwa wingi wa kura. Februari 1961 mahakama hiyo iliipa ushindi baadhi ya majimbo, Hamburg na Hessen yakiwemo, dhidi ya mpango wa Kansela Adenauer wa kuanzisha televisheni ya serikali kuu. Wadogo walishinda kwa sababu mahakama iliweza kuhukumu. Kura ya turufu isingewapa chochote zaidi ya kukwama.

Wengine wanasema mazungumzo yanatosha, na kwamba vikao vya pamoja vimekwisha kuondoa kero nyingi za Muungano. Ni kweli, na hayapaswi kuachwa. Lakini kesi haiui mazungumzo. Kenya, mwaka 2013, Bunge la Kitaifa lilizitengea kaunti shilingi bilioni 210, Seneti ikataka bilioni 258, na mswada ukapelekwa kwa Rais bila upatanishi. Seneti iliomba ushauri wa Mahakama ya Juu, na Novemba mwaka huo majaji walio wengi wakasema Seneti ilistahili kushirikishwa. Mvutano wa fedha haukuisha, na ulirudi kwa ukali 2019. Kilichobadilika ni kwamba tangu hapo kila upande huingia kwenye meza ya mazungumzo ukijua sheria imesimama wapi.

Kwa miaka mingi Tanzania imeweza kuishi bila mwamuzi wa kisheria kwa kuwa serikali zote mbili zimeongozwa na chama kimoja, na kikao cha chama kiliweza kumnyamazisha yeyote. Tangu 1992 sheria inaruhusu Bara na Visiwani kuongozwa na vyama tofauti, na siku hiyo ikifika hakutakuwa na Halmashauri Kuu itakayowaita wote wawili Dodoma. Kwa hiyo mchakato wa katiba utakapofufuliwa, swali la idadi ya serikali, lililotawala mjadala wa rasimu ya katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba, lisilimeze swali la mwamuzi. Ziwe mbili au tatu, serikali hizo zitagombana. Zinahitaji mahakama ya kudumu, yenye majaji walioridhiwa mapema na pande zote mbili, inayofungua mlango kwa Bunge na Baraza la Wawakilishi pia, na inayoamua kwa wingi wa kura. Muungano unaoogopa kuhukumiwa kwa katiba yake wenyewe umewaachia wenye nguvu za siku hiyo kazi ya kuitafsiri.