Camp Randall: Kutoka Kambi ya Vita hadi Uwanja wa Mpira

Tulipokuwa ziarani katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, wenyeji wetu walitutahadharisha kwamba Jumamosi hiyo tusipange kazi yoyote, kwani chuo kilikuwa na mchezo wa nyumbani. Tulidhani ni utani. Chuo Kikuu cha Wisconsin tulikijua kwa idara yake ya lugha na fasihi za Kiafrika iliyoanzishwa mwaka 1964; habari za mpira wake hatukuzijua.

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tuanze na jina. Mchezo huu huitwa futiboli, ilhali mpira wake umechongoka ncha mbili na hubebwa mikononi. Mchezo wa kwanza baina ya vyuo ulifanyika tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers ikaifunga Princeton 6 kwa 4. Siku hiyo kila upande ulikuwa na wachezaji 25, na kuubeba mpira kulikatazwa. Kanuni zilibadilika baadaye, jina likabaki.

Asubuhi tulikuta mitaa imejaa mavazi mekundu. Watu walikuwa wameegesha magari, wamefungua buti na kutandika meza nyuma yake, huku soseji za asili ya Kijerumani zikichomwa juu ya majiko. Nyingi huchemshwa kwanza katika bia, hivyo asiyetumia pombe heri aulize mapema. Hatukuwa na nguo nyekundu wala hatukujua kanuni za mchezo, lakini tulipewa sahani kabla ya kuulizwa majina. Tulikumbuka usemi wetu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Uwanja huo huchukua watazamaji zaidi ya 75,000. Karibu nao lipo lango la mawe lenye sanamu za askari, na hapo ndipo tulipojua maana ya jina lake. Camp Randall ilikuwa kambi ya jeshi iliyofunguliwa mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, ikapewa jina la gavana Alexander Randall. Askari wapatao 70,000 wa upande wa Kaskazini walifunzwa hapo. Mwaka 1862 waliletwa mateka wa Kusini, wengi wao wagonjwa. Mateka 140 walifia hapo na kuzikwa katika makaburi ya Forest Hill. Mwaka 1893 eneo hilo lilikabidhiwa chuo, na uwanja wa sasa ukaanza kutumika mwaka 1917.

Marehemu hao hawajaacha kuzua mjadala. Walikufa mbali na kwao, katika hali ya kuhuzunisha. Lakini upande waliopigania ulitaka utumwa udumu. Mwaka 2019 mji uliliondoa jiwe lililoorodhesha majina yao, makaburi yenyewe yakaachwa. Baadhi ya watu waliona kwamba historia inafutwa. Wengine, kwamba heshima isiyostahili imekoma. Sisi, tunaotoka katika eneo lenye makaburi yake ya vita na kumbukumbu zake za utumwa, hatukuthubutu kuliona suala hilo kuwa jepesi.

Jioni majiko yalizimwa, viti vikakunjwa, magari yakaondoka. Tulipita tena chini ya lile lango, safari hii polepole.