Habari ya Msiba kwa Ndugu Aliye Mbali

Historia ya jumuiya yetu katika pwani hii kwa kawaida huandikwa kwa kuhesabu vilivyojengwa: maduka, shule, zahanati, na hekalu hili ambalo leo tunaadhimisha kumbukumbu yake. Katika toleo hili tumeona vyema tuandike juu ya jambo lisilo na jiwe la msingi, lakini ambalo limebisha hodi katika kila nyumba yetu: namna ndugu aliyekuwapo wakati mzazi anakata roho alivyompelekea habari ndugu aliye ng'ambo.

Jambo hili ni la kale kuliko safari zetu. Katika Ramayana ya Valmiki, mfalme Dasharatha alifariki ilhali hapana hata mmoja wa wanawe wanne aliyekuwa karibu naye. Rama na Lakshmana walikuwa msituni. Bharata na Shatrughna walikuwa ugenini kwa mjomba wa Bharata, katika nchi ya Kekaya. Mwili ukahifadhiwa ndani ya mafuta, na wajumbe wakatumwa kumwita Bharata kwa haraka, wakiwa wameagizwa wasimwambie kilichotokea. Alikuja kuyajua nyumbani, kinywani mwa mama yake. Baada ya mazishi ikawa zamu yake kuibeba habari ileile hadi Chitrakuta. Huko Rama alimpokea kwa kumuuliza habari za baba, naye Bharata hakuwatuma watu wengine wajibu. Alimwambia kaka yake mwenyewe. Rama alizirai, alipozinduka, ndugu wote walishuka mtoni Mandakini, wakamtolea baba maji. Kisha Rama akatoa pinda ya matunda ya mwituni yaliyochanganywa na kunazi, kwa kuwa hicho ndicho chakula alichokuwa nacho.

Sheria nazo zilimkumbuka aliye mbali. Sura ya 5 ya Manusmriti inasema kwamba anayepata habari ya kifo cha ndugu wa ukoo kabla ya siku 10 kwisha, hukaa sutak kwa siku zilizosalia. Anayeipata baadaye hukaa siku 3. Na ukipita mwaka, kuoga kwamtosha. Wanazuoni waliofuata wakaona kwamba kwa baba na mama hesabu hiyo haitoshi. Wakaamua kuwa mtoto aliye mbali, hata habari ikichelewa namna gani, ataanza kuhesabu siku zake 10 tangu siku aliyosikia.

Wahenga wa pwani wamesema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Katika msiba wa mzazi, wanazuoni hao walihukumu kinyume chake: asiyekuwapo, lake lipo, nalo linamngoja. Lakini halianzi mpaka aambiwe. Basi anayeleta habari hatoi taarifa tu. Anamkabidhi ndugu yake haki yake ya kuomboleza.

Wazee waliotoka Kutch, Kathiawar na Gujarat waliijua thamani ya hukumu hiyo. Majahazi yalikuja Afrika kwa kaskazi na kurudi Bara Hindi kwa kusi. Mama aliyefariki Mandvi baada ya majahazi ya msimu kwisha kuondoka, mwanawe wa Zanzibar aliendelea kumtaja kama mtu aliye hai kwa miezi mingi, hadi kaskazi ya pili ilipovuma. Barua ya kifo iliitwa kalotri, na haikufanana na kankotri, barua ya arusi inayotiwa kumkum. Kwa desturi kalotri haikuwekwa ndani ya nyumba: ilisomwa, ikachanwa, na aliyeisoma akaenda kuoga. Ndiyo maana barua hizi ni adimu katika makasha ya familia zetu.

Mwaka 1872 meli za barua za British India zilianza safari kati ya Aden na Zanzibar. Mwaka 1879 waya wa simu uliotandazwa chini ya bahari ukaiunganisha Zanzibar na Aden, na kwa kupitia Aden ukaifikia Bombay. Habari iliyokuwa ikingoja msimu sasa ilifika mapema. Lakini kila neno la simu lililipiwa, na mambo makubwa yalibanwa katika maneno machache. Wengi waliandika kwamba baba ni mgonjwa sana, njoo, ilhali baba amekwisha kuchomwa. Nao hawakutofautiana na wale wajumbe wa Kekaya. Majirani zetu Waislamu na Wakristo, waliokuwa na jamaa bara, wanakumbuka vilevile matangazo ya vifo katika redio, na jinsi nyumba nzima ilivyonyamaza yalipoanza kusomwa.

Kisha ndugu wakatawanyika zaidi. Mwaka 1972 Waasia wa Uganda walipewa siku 90 kuondoka, na watoto wa nyumba moja wakajikuta Leicester, Toronto na Bara Hindi. Wengine waliondoka Zanzibar, Tanzania Bara na Kenya kwa sababu zao. Tangu hapo ni nyumba chache miongoni mwetu ambazo watoto wote humzunguka mzazi siku ya mwisho.

Leo habari haingoji upepo wala haihesabiwi kwa neno. Hatari yake ni nyingine: picha ya marehemu yenye shada la maua husambaa katika makundi ya simu kabla binti aliye ng'ambo hajaamka, naye huusoma msiba wa mama yake katika salamu za pole za watu asiowajua. Amejua, lakini hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo tunawaomba wanajumuiya na majirani, ambao daima hufika mlangoni petu kutoa mkono wa pole: kabla ya kutangaza, tuulize kwanza kama watoto wote wameambiwa, kwa sauti ya ndugu yao. Tusiwafiche kwa kisingizio cha ugonjwa, na tusiwaambie kwamba wamechelewa. Siku zao zinaanza wanaposikia.

Om Shanti.