Sukari ya mimba: muganga amekuambia unayo, sasa ufanye nini?

Mama anatoka CPN na karatasi mukononi. Imeandikwa: glisemi 104, tumbo tupu. Muganga alisema maneno mawili matatu, lakini foleni ilikuwa ndefu, mama mwingine akaitwa. Njiani, akiwa juu ya moto, maswali yanaanza kumuingia: mutoto atakufa? Watanipasua? Hiyo pesa ya dawa itatoka wapi? Akifika nyumbani anasikia mengine tena: «Mi sikulake sukari mingi, sasa hii diabete inatoka wapi?» Jirani anajibu kwamba labda ni karuho, kuna mutu alimutilia sumu.

Hapana, si karuho. Na si kosa la mama.

Hii tunaita sukari ya mimba ni diabete inayoonekana wakati mwanamuke ana mimba, mara nyingi baada ya miezi mitano. Kondo la mutoto linatoa homoni zinazomusaidia akue, lakini homoni hizo hizo zinazuia insulini ya mama kufanya kazi yake vizuri. Insulini ndiyo inayofungulia sukari mulango wa kuingia ndani ya mwili. Mulango ukikaza, sukari inabaki kwenye damu. Wamama wengi, kongosho lao linaongeza insulini na mambo yanakwenda. Kwa wengine haliwezi. Hatari ni kubwa zaidi kwa mama aliye na kilo nyingi, aliyepita miaka 35, aliye na baba, mama, kaka au dada mwenye diabete, ao aliyekwisha kuzaa mutoto wa kilo 4 na kupita. Lakini hata mama mwembamba, mwenye miaka 22, anaweza kuipata.

Tusome sasa hiyo karatasi. Kupimwa kunafanywa zaidi kati ya juma la 24 na la 28 la mimba. Kama mama hajakula kwa saa 8 (maji matupu hayaharibu kitu), Shirika la Afya Duniani linahesabu sukari ya mimba kuanzia miligramu 92 kwa desilita mpaka 125. Ikifika 126, hiyo ni diabete yenyewe, na pengine ilikuwako mbele ya mimba. Mashini zingine zinaandika namba ndogo kama 5,1 ao 5,8. Usishituke: zidisha mara 18, utapata ile namba nyingine. Hospitali zenye uwezo zinamunywesha mama maji yenye gramu 75 za glukozi, kisha zinapima damu tena. Hapo 180 baada ya saa moja, ao 153 baada ya saa mbili, inatosha kusema ni sukari ya mimba. Neno moja ju ya mukojo: ukipimwa mukojo tu na wakaona sukari, hiyo haitoshi. Mimba peke yake inaweza kupitisha sukari kwenye mukojo. Omba damu ipimwe.

Kwa nini waganga wanasumbuka na jambo ambalo mama mwenyewe hasikii? Sukari ya mama inapita kwenye kondo na kumufikia mutoto. Insulini ya mama haipiti. Basi mutoto analazimika kutengeneza insulini yake nyingi, na insulini hiyo inamunenepesha. Mutoto wa kilo 4 na nusu watu wanamushangilia, lakini mabega yake yanaweza kukwama wakati wa kuzaliwa, na hapo dakika zinahesabiwa. Akisha kukatwa kitovu, sukari ya mama inaisha lakini insulini yake bado iko nyingi. Sukari yake inaweza kushuka ghafula. Mama naye anakaribia zaidi tansio ya mimba. Hayo yote yanapungua sana sukari ikishuka, na kwa wamama wengi inashuka kwa chakula na kutembea, bila dawa.

Chakula, basi. Hapa ndipo vita iko, kwa sababu kila mutu nyumbani anasema: «Kula, mama, muko wawili.» Pia kuna mama anayeogopa mpaka anaacha kula kabisa. Hiyo ni mbaya pia: mutoto anahitaji chakula. Kula mara tatu kwa siku, na kitu kidogo katikati.

Bugali ya muhogo ni wanga karibu mutupu, na sisi tunaikata mulima. Huna lazima ya kuiacha. Punguza iwe kama ngumi yako, kisha jaza nusu ya sahani na sombe, lengalenga ao majani ya maboga, na ile sehemu inayobaki weka maharagi, yai, nyama ao samaki. Watu wa Goma na Bukavu wako na sambaza, ile samaki ndogo iliyoletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka wa 1959. Uvira na Kalemie wako na ndakala. Ni chakula kizuri sana kwa mama huyu, na bei yake haifanani na ya nyama. Avoka, karanga, fromaji ya Masisi kidogo: vizuri. Ndizi ya kupika na viazi vitamu vihesabiwe kama bugali. Usivitie juu ya bugali katika sahani moja. Ndizi mbivu, moja ndogo inatosha kwa mara moja.

Lakini kama kuna kitu kimoja cha kuondoa leo, ni vinywaji. Sukre, juisi ya chupa, chai yenye vijiko vinne vya sukari, uji uliotiwa sukari asubuhi. Hivyo vinapandisha glisemi haraka kuliko bugali, na havishibishi. Mandazi na chai ya sukari ndicho chakula cha asubuhi cha wengi wetu, na asubuhi ndipo homoni za mimba ziko kali zaidi. Badilisha: yai ao maharagi ya jana, avoka, chai bila sukari.

Kisha kula, tembea dakika 15 ao 20. Mama anayelima hana haja ya kuambiwa hili. Tunamwambia yule anayeuza soko Virunga ao Kadutu, anayekaa juu ya kiti kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Baada ya juma moja ao mawili pimwa tena. Waganga wengi wanatafuta chini ya 95 tumbo tupu, chini ya 140 saa moja kisha kula, chini ya 120 saa mbili kisha kula. Kama haishuki, dawa inahitajika: insulini, ao metformini pale muganga anapoona inafaa. Insulini ya sindano haimufikii mutoto, na haimaanishi kwamba mama ataidunga maisha yote; wengi wanaiacha siku wanapozaa. Ukisikia kutetemeka, jasho, njaa kali, sukari imeshuka: kunywa maji yenye vijiko vitatu vya sukari, kisha kula.

«Sina frigo», wengi watasema. Mwaka wa 2021, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya uchunguzi uliofuata joto la nyumba za wakimbizi wa Dadaab, Kenya: chupa ya insulini iliyofunguliwa ilidumu majuma manne katika joto kati ya digri 25 na 37. Chungu cha udongo chenye kulowanishwa maji, pahali pa kivuli, kinasaidia. Usiiache juani, usiiweke karibu na moto wa makala.

Majani machungu ya kuchemsha hayana kipimo kinachojulikana. Usiyaweke pahali pa dawa. Mama anayetaka kufunga kwa maombi amuulize muganga kwanza, zaidi akiwa kwa insulini.

Kuzaa kufanyike kwenye hospitali inayoweza kupasua, hata kama wengi wanazaa kawaida. Kwa hiyo panga mapema: nani ana moto, njia gani iko wazi usiku, pesa imewekwa wapi, na kama unaishi mbali, nani atakupokea karibu na hospitali majuma ya mwisho. Usingoje tarehe ukiumwa kichwa kisichopona, ukiona giza, uso ukivimba, ao mutoto akipunguza kucheza. Nenda siku hiyo hiyo.

Mutoto akizaliwa anyonye ndani ya saa ya kwanza, maziwa yale ya njano. Ndiyo yanamurudishia sukari. Uliza wamupime damu ya kisigino.

Kwa mama, sukari mara nyingi inarudi chini yenyewe. Lakini kati ya juma la 6 na la 12 kisha kuzaa, rudia kipimo. Unaweza kukiunga na siku ya chanjo ya mutoto. Kisha pimwa kila mwaka ao kila miaka mitatu, kwani aliyepata sukari ya mimba yuko karibu zaidi na diabete ya kudumu. Na ukishika mimba nyingine, sema hivyo CPN ya kwanza kabisa, usingoje mwezi wa sita.