Siku Kumi za Papa Gregori na Hesabu ya Kompyuta



Kompyuta ni mashine hodari ya kuhesabu, lakini haijui mwaka ni kitu gani. Haioni jua likichwa, wala haisikii kengele ya Misa. Mashine nyingi huhesabu sekunde tu, tangu saa sita za usiku, kwa saa za Greenwich, ilipoanza tarehe 1 Januari 1970. Watu wanaoziandikia programu ndio wanaozifundisha kugeuza sekunde hizo kuwa siku, miezi na miaka. Ungedhani kazi hiyo ni nyepesi. Kumbe, humo njiani wanakutana na Papa aliyefariki mwaka 1585!

Tuanze na Yulio Kaisari wa Roma. Kalenda yake ilianza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristu: miaka mitatu ya siku 365, na wa nne wa siku 366, ndio mwaka mrefu. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri, ila mwaka wake ulizidi mwendo wa jua kwa dakika 11 hivi. Dakika 11 ni nini? Mzee hajamaliza hata kiko chake. Lakini baada ya miaka 128 dakika hizo hufanya siku nzima. Na Pasaka yategemea hesabu hiyo, kwani huadhimishwa Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi, siku ambayo usiku na mchana hulingana. Katika karne ya 16 zilikuwa zikilingana tarehe 11. Sikukuu kubwa kupita zote ilikuwa ikiliacha jua pole pole.

Mganga mmoja wa Calabria, jina lake Luigi Lilio, alipata dawa yake. Alikufa mwaka 1576, na ndugu yake Antonio akaipeleka Roma, ambako Padri Christopher Clavius, Mjesuiti, aliifafanua na kuitetea. Tarehe 24 Februari 1582 Papa Gregori XIII akatoa amri: siku 10 zirukwe, na mwaka unaomaliza karne usiwe mrefu isipokuwa ukigawanyika kwa 400. Hivi 1700, 1800 na 1900 haikuwa mirefu, lakini 1600 na 2000 ilikuwa mirefu. Basi, Alhamisi tarehe 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15.

Lakini si watu wote waliotii. Hispania, Ureno na sehemu kubwa ya Italia walifuata siku ile ile. Ufaransa mwezi wa Desemba. Waingereza walikataa amri ya Papa mpaka mwaka 1752, na wakati huo walilazimika kuruka siku 11. Warusi walingoja mpaka 1918.

Ugomvi huo wa wafalme umeingia ndani ya mashine. Katika lugha ya programu iitwayo Java kuna kalenda yenye jina la Gregori mwenyewe, nayo huruka siku 10 za Oktoba 1582. Programu ndogo iitwayo cal, ya mfumo wa Unix, kwa kawaida hufuata Waingereza: iombe Septemba 1752, nayo baada ya tarehe 2 itaandika 14. Ipi yasema kweli? Zote mbili, kila moja kwa nchi yake. Fikirini mtoto aliyezaliwa Paris tarehe 20 Mei 1600, akavushwa bahari, akabatizwa London tarehe 14 Mei kwa kalenda ya huko. Asiyeuliza kitabu cha ubatizo kiliandikwa wapi atamkuta amebatizwa kabla ya kuzaliwa.

Hata kanuni ya 400 imesahauliwa. Programu ya hesabu Lotus 1-2-3, ya mwaka 1983, iliufanya 1900 kuwa mwaka mrefu. Excel iliyokuja nyuma yake ililishika kosa hilo kwa makusudi, ili majedwali ya zamani yasivurugike. Hata leo siku yake ya 60 ni tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo katika kalenda ya Gregori haikuwapo.

Mwaka 2014 Java ilipata kalenda nyingine, inayorudisha kanuni ya Gregori nyuma kana kwamba ilikuwapo tangu zamani zote. Kwa kazi za leo naiona njema, maana hairuki kitu. Ila Mtakatifu Tereza wa Avila alifariki usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582, akazikwa kesho yake, tarehe 15. Iulize kalenda ile alizikwa baada ya siku ngapi, nayo itakujibu bila wasiwasi: siku 11.