Dau la Jirani na Dau la Kampuni: Mashabiki wa Kandanda wa Arua

Waandishi wa historia ya michezo hupenda kusimulia habari za waliocheza: nani alifunga bao, nani alidaka penalti, nani aliinua kombe. Wale waliosimama kando ya chaki wakingoja, wakibishana, wakitabiri na kuwekeana dau, huachwa nje ya kitabu. Katika makala haya tumekusudia kuwashughulikia hao walioachwa. Tumeuchagua mji wa Arua, ulioko West Nile, kaskazini-magharibi ya Uganda, kwa kuwa huko uwanja wa mpira uliopendwa na wenyeji ulifika mahali pa kubandikwa jina la kampuni ya kubeti. Jambo hilo halikutokea ghafla. Nia yetu ni kuonyesha kwamba dau lenyewe si geni katika nchi hiyo. Kilichobadilika ni mkono unaolishika.

Eneo la West Nile liliwahi kuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, katika ile sehemu iliyoitwa Lado. Baada ya kifo chake mnamo Desemba 1909 likarudishwa Sudan, na mwaka 1914 likaingizwa Uganda. Serikali ya kikoloni haikuona huko zao la kuuza. Iliona vijana wa kuandikishwa jeshini na wa kupelekwa kwenye mashamba ya miwa. Basi watu wengi wa Arua na Koboko walikijua Kiswahili katika kambi za King's African Rifles kabla ya kukiona kitabuni, na katika kambi hizo hizo, pamoja na shule za misheni, mpira wa miguu ulipata makao. Msomaji wa Pwani anayeshangaa kusikia Kiswahili mpakani mwa Kongo na Sudan Kusini yampasa akumbuke njia hiyo ya jeshi na ya biashara. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, hakuwa akitangaza lugha ngeni kwa watu wa kwao.

Ligi ya taifa ya Uganda ilianza mwaka 1968, na bingwa wake wa kwanza alikuwa timu ya Magereza ya Kampala. Kombe la mtoano likafuata mwaka 1971, nalo kwa miaka mingi likaitwa Kombe la Kakungulu. Kwa mtu wa Arua mambo hayo yalikuwa ya mbali. Kutoka Arua hadi Kampala ni yapata kilomita 500, nawe huna budi kuuvuka Mto Nile. Mwaka 1978 timu ya taifa ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra, ikafungwa na wenyeji Ghana mabao 2 kwa 0. Mwaka mmoja baadaye Amin akaangushwa, na watu wa West Nile kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan kuokoa maisha yao. Hayo si ya kusimuliwa kwa haraka, wala si mada yetu. Inatosha kusema kwamba kizazi kizima kilizoea kuiona Arua ikitajwa kwa vita na wakimbizi tu. Ndiyo sababu, jina la mji lilipokuja kutajwa kwa mpira, wenyeji walilipokea kwa furaha ambayo mgeni angeiona imezidi.

Hebu sasa tutazame dau la zamani. Katika viwanja vya mitaa watu wawili wenye timu mbili hubishana tangu Jumatatu. Kufikia Alhamisi maneno yamekwisha kuwa makali, na mmoja husema: "Kama unaiamini timu yako, weka." Kinachowekwa huwa ni soda, kuku, kreti ya bia kwa wanywaji, na pengine mbuzi, ikiwa mechi ni kubwa na wabishani ni wakaidi. Wengine huwekeana aibu badala ya mali: atakayeshindwa atanyoa kichwa, au atambeba mwenzake kwa toroli mbele ya soko. Lakini hakuna kati yao anayekaa na mali ya mwenzake. Hutafutwa mtu wa tatu, anayeaminiwa na wote wawili, naye ndiye hushika.

Hapo tusimame kidogo, kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha. Siku hizi neno "mshikadau" halikosekani katika semina yoyote: washikadau wa elimu, washikadau wa afya, washikadau wa maji. Maana yake imekuwa mtu yeyote anayehusika na jambo, na wengi wamelikata likabaki "mdau". Ukilipasua neno lenyewe, utamkuta humo mtu yule yule wa uwanjani: asiyebeti, asiyepata faida, aliyepewa amana ya wawili ili aitoe kwa haki. Neno limepanda cheo na kusahau kazi yake. Wanafunzi wetu wangefaidika wakilifuatilia, kama vile wangefaidika kulifuatilia neno "kubashiri", ambalo asili yake ya Kiarabu ni kuleta habari njema, na ambalo sasa limeandikwa juu ya milango ya maduka ambamo wengi hupata habari mbaya.

Furaha tuliyoitaja ilikuja mwaka 2016. Klabu ya Onduparaka, yenye jina la mtaa wake pembeni mwa mji, ikiwa bado katika daraja la pili, ilivuka nusu fainali ya Kombe la Uganda na kuingia fainali, ambako ilishindwa na Vipers. Mwaka huo huo ikapanda Ligi Kuu. Mwaka uliofuata, 2017, klabu nyingine ya West Nile, Paidha Black Angels, nayo ya daraja la chini, ilifika fainali ya kombe hilo hilo, ikafungwa na KCCA mabao 2 kwa 0 huko Bukedea. Miaka miwili mfululizo, basi, kona ya nchi iliyozoea kusahauliwa ilikuwa na timu katika mechi ya mwisho.

Kwa maoni yetu, nusu fainali ndiyo yenye utamu wa kungoja kuliko hata fainali. Fainali huwa na sherehe, wageni wa heshima na hotuba. Katika nusu fainali timu nne zimebaki, kila moja bado ina haki ya kuota, na aliyefika kutoka mbali anajua kwamba akitolewa hapo hakuna atakayemkumbuka. Arua ilipokuwa na mechi ya namna hiyo, mji mzima ulizungumza jambo moja: waendesha bodaboda, akina mama wa sokoni, makasisi na masheikh. Huko Koboko, ambako mipaka mitatu hukutana, hata saa ya mechi ilikuwa ya kujadiliwa. Mpira unaoanza saa kumi jioni upande wa Uganda unaanza saa tisa alasiri kwa jamaa zao wa Ariwara, upande wa Kongo. Na tangu Februari 2021, Sudan Kusini ilipobadili majira yake, jamaa wa upande huo nao wamo katika saa tisa. Mtu aweza kuvuka mpaka kwa miguu akafika kabla ya saa aliyoondokea.

Katika uwanja wa Green Light, Onduparaka ilipata sifa ya kuwa mwenyeji mgumu. Muhammad Shaban, mfungaji wake mkuu wa siku hizo, aliitwa timu ya taifa, na mwaka 2017 akachukuliwa na KCCA. Wakati huo ndipo kampuni ya Betway ilipoidhamini klabu, na uwanja ukaitwa kwa muda Betway Green Light. Tusiwe wepesi wa kulaumu. Klabu ya mji usio na viwanda vikubwa, inayolazimika kusafiri kilomita 500 kila ichezapo na timu za mji mkuu, ilihitaji mafuta ya basi, chakula na posho za wachezaji. Fedha za kampuni za kubeti zilikuwa zikitembea Afrika Mashariki yote: SportPesa ilizidhamini Gor Mahia na AFC Leopards huko Kenya, na mwaka 2017 ikazichukua Simba na Yanga za Tanzania pia. Aliyekuwa na mkate aliukata, na wenye njaa walikula. Lakini mkate huo ulitoka wapi?

Ulitoka katika mifuko ya mashabiki wenyewe. Kubeti kwa kampuni hakukuanza juzi. Uganda ilitunga sheria ya kamari na mashindano ya kubahatisha matokeo ya mpira mwaka 1968, mwaka ule ule wa ligi ya kwanza, kwa kuwa tayari walikuwapo watu waliojaza fomu za kutabiri mechi za Uingereza. Hata hivyo mchezo huo ulikuwa wa wachache wenye kusoma magazeti. Kilichoufungulia mlango ni televisheni ya setilaiti, kisha maduka ya kubeti yaliyoenea miaka ya 2000, kisha malipo ya simu, yaliyoanza Uganda mwaka 2009. Katika vibanda vya kuonyeshea mpira (Waganda huviita "bibanda", nasi hatuhitaji mkalimani) shabiki wa Arua alianza kungoja Jumamosi za Arsenal na Manchester United kwa hamu ile ile aliyokuwa nayo kwa timu ya mtaa wake. Tena alingoja kwa hofu ya ziada, kwa maana West Nile haikuunganishwa na gridi ya taifa ya umeme hadi mwaka 2024. Kabla ya hapo ilitegemea kituo kidogo cha Nyagak karibu na Paidha, cha megawati 3.5, pamoja na mitambo ya mafuta. Umeme ulipokatika dakika ya themanini, mwenye jenereta alikuwa mfalme.

Sasa tufanye hesabu, maana walimu wa hesabu wamo miongoni mwetu. Kijana anachagua mechi saba, zote za timu zenye nguvu. Kwa kila mechi kampuni imeandika namba ya kuzidishia dau, tuseme 1.5. Akiweka shilingi 1,000 na zote saba zikatimia, atapata yapata shilingi 17,000, kwa kuwa 1.5 ikizidishwa kwa yenyewe mara saba huwa 17 na kitu. Elfu moja anaiona, elfu kumi na saba anaiota. Ila kampuni haiandiki namba hizo kwa huruma. Ikiwa nafasi ya kweli ya kila timu kushinda ni 63 katika 100, basi nafasi ya zote saba kushinda pamoja ni kama 4 katika 100. Kwa wastani, katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwa mtindo huo, zinarudi 670 hivi. Katika mechi moja kampuni hujikatia senti chache tu. Mechi zikiunganishwa, makato nayo huzidishana. Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi huiita hati ya namna hiyo "mkeka", na ikishindwa husema mkeka umechanika. Ni jina zuri: ukili mmoja ukikatika, kazi yote imeharibika. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Walikusudia chombo cha baharini, lakini methali hiyo ingefaa kutundikwa ndani ya maduka hayo.

Serikali nayo iliona. Sheria ya mwaka 2016 ilikataza mtu wa chini ya umri wa miaka 25 kubeti, kwa hiyo Mganda wa miaka 18 huruhusiwa kumchagua Rais lakini hungoja miaka saba zaidi kabla ya kuichagua Chelsea. Januari 2019 ikatangazwa kwamba Rais ameagiza leseni mpya za kampuni hizo zisitolewe. Kisha Machi 2020 maradhi ya korona yakazima mpira karibu duniani kote, na hapo siri ikafichuka. Katika nchi mbalimbali wabetaji walihamia ligi ya Belarus, ambayo haikusimama, na mechi zinazotungwa na kompyuta, zisizo na mchezaji, mwamuzi wala nyasi. Shabiki hawezi kuipenda timu ya kompyuta, lakini mbetaji aweza kuiwekea fedha. Tangu siku hiyo tunaona si sahihi kuwaita hao wawili kwa jina moja.

Tofauti kubwa, kwa maoni yetu, imo katika maneno. Dau la jirani haliwezi kuwekwa bila mazungumzo. Lazima kuwe na tambo, utani, kejeli, shahidi na mapatano. Aliyeshindwa hukutana na mshindi kesho yake kisimani au msikitini, na soda hunywewa mbele za watu. Fedha haitoki mtaani. Dau la kampuni huwekwa kimya kimya kwa kidole gumba. Anayeshindwa hana wa kumcheka wala wa kumhurumia, na mshikadau safari hii ndiye mpinzani wake. Hatusemi kwamba dau la zamani lilikuwa halali: kwa Waislamu, ambao ni wengi Koboko, kamari ni haramu iwe ya mbuzi au ya simu, na wachungaji wa Arua nao huikemea. Tunasema tu kwamba moja liliwakutanisha watu na jingine likawatenga.

Mwaka 2021 klabu ya Arua Hill nayo ilipanda, na kwa misimu miwili mji ukawa na timu mbili katika Ligi Kuu, pamoja na ubishi wa ndani ambao haukuwahi kuwapo. Haukudumu. Onduparaka ilishuka mwaka 2023, na Arua Hill ikafuata mwaka 2024. Maduka ya kubeti hayakushuka daraja. Jumamosi jioni vibanda hujaa kama kawaida, na karatasi za mechi za Ulaya hukunjwa mfukoni. Lakini mashindano ya mitaa na ya vijiji yangaliko, na nusu fainali zake hukusanya watu pande zote nne za uwanja. Mechi hizo hazimo katika orodha ya kampuni yoyote. Anayetaka kuziwekea dau hulazimika kumtafuta mbishi wa upande wa pili, kisha wote wawili wakamtafute mtu wa kuwashikia soda.